“Mzigo Wako Umefika.” Umefika Wapi?

Naanza na nyota kabisa, mwenye haraka asisumbuke kusoma yote: mbili kati ya tano. Ya kwanza ni ya mabasi yao, ambayo kwa haki yanatembea na yanafika. Ya pili ni ya kijana mmoja wa ofisi yao ya Tunduma ambaye sijawahi kumtia machoni. Waliobaki, kuanzia karani wa Dar es Salaam mpaka yule binti wa hapa kwetu stendi, sikuwaona na nyota ya kuwapa, na nimetafuta.

Kampuni sitaitaja. Itoshe kusema ni kampuni ya basi yenye ofisi za vifurushi, na ina mabasi ya kuja huku kusini na mengine ya kwenda nyanda za juu. Hilo la njia mbili ndilo lililoniponza. Ingekuwa na njia moja tu, boksi langu lisingepata pa kupotelea.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tunduru mjini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nashona madera, kanzu, sare za shule, na ikifika Ramadhani nashona chochote kinachopita chini ya sindano. Mwaka huo, 2025, tulianza kufunga tarehe 2 Machi. Kufikia chungu cha nane daftari langu lilikuwa na oda 71. Usiku wa kuamkia chungu cha tisa ovaloki yangu, mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke nyuzi, ikapiga kelele kama inatafuna msumari, ikasimama. Lupa ya chini imekatika.

Kwa asiyejua, lupa ni kile chuma kilichopinda kinachobeba uzi upande wa chini. Ikikatika hiyo, mashine nzima inabaki kuwa meza ya kuwekea chai. Unaweza kushona bila ovaloki, sikatai, tulishona hivyo miaka mingi, unakunja pindo mara mbili na kupiga pasi. Lakini ni nguo moja kwa muda wa nguo tatu, na mteja wa Idd wa siku hizi kabla hajatazama nje ya nguo anaigeuza ndani kwanza. Akiona nyuzi zinaning'inia, anakuuliza kama umemshonea au umemshikizia.

Lupa ya mashine yangu hapa mjini hakuna. Nikampigia mdogo wangu ambaye anauza vitenge Kariakoo, nikamtumia hela kwa simu, na kwa kuwa anakwenda dukani mara moja tukaona ajaze boksi kabisa: lupa mbili, ya juu na ya chini, kisu, pakiti tano za sindano, koni 24 za uzi, lesi ya baibui mita 30, na mfuko wa vifungo vya kanzu. Haikufika kilo 15. Jumatatu tarehe 10 Machi, saa tisa alasiri, akaupeleka mzigo ofisini kwao, akalipa Sh 12,000, akapewa risiti. Akaipiga picha risiti, akalipiga picha na boksi likiwa juu ya mizani, akanirushia zote mbili. Kwenye risiti kila kitu sawa: kutoka Dar, kwenda Tunduru, jina langu, namba yangu. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Basi la huku likitoka Dar asubuhi linavuka daraja la Mkapa kule Rufiji, linapita Nangurukuru, Lindi, Masasi, Mangaka, na usiku unalisikia honi stendi. Sisi wa huku hatuna makuu na usafiri. Tunaikumbuka barabara ya vumbi, wakati safari ya Masasi tu ilikuwa ni ya kuagana na watoto. Hata Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara pale Somanga na mizigo ikakwama, hakuna aliyemfokea karani. Maji yakishachukua barabara utamdai nani? Lakini Machi hii barabara ilikuwa nzima. Mabasi yaliingia usiku wa Jumanne, usiku wa Jumatano, usiku wa Alhamisi, nikiwa nimesimama pale na khanga yangu, konda akifungua buti na kushusha magunia, ndoo za rangi, friji la mtu, matairi, kila kitu isipokuwa changu.

Ila nimeruka jambo. Jumatano asubuhi, saa tano, iliingia meseji kwenye simu yangu: “Mpendwa mteja, mzigo wako umefika. Fika ofisini kwetu na kitambulisho.” Nikaacha kanzu ya mtu kwenye cherehani na mguu mmoja wa kiatu, nikadaka bodaboda.

Binti wa ofisini ana adabu, hilo siwezi kumnyima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimefuata mzigo.”

Akaandika namba ya risiti kwenye kompyuta. “Umefika, mama.”

“Alhamdulillahi. Nipe basi.”

Akaingia chumba cha nyuma. Akatoka. Akaingia tena. “Hapa haupo.”

“Sasa umefika wapi?”

Akaitazama kompyuta. “Umefika, mama.”

Tulirudia hivyo mara nne, na wallahi sisemi uongo. Kompyuta yao ina neno UMEFIKA na haina mahali pa kuonyesha umefika wapi. Hata ile meseji, isome tena: “ofisini kwetu.” Wana ofisi nchi nzima. Mtu aliyeitunga aliamini mzigo ukifika popote, basi umefika unakotakiwa. Nilimwomba binti apige simu Dar. Akapiga, akasikiliza, akanigeukia: “Wanasema uko njiani.”

“Njia ipi, mwanangu? Si umesema umefika?”

Hakuwa na jibu na nilimwonea huruma, maana nilimwona anatazama mlango kama anayeomba aingie mteja mwingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuwapa sifuri, nieleweke. Kukosea mzigo kunatokea. Mimi mwenyewe niliwahi kumkabidhi bwana harusi suruali ya mtu mwingine. Lakini kati ya Jumatano na Jumamosi nilizungumza na watu watano wa kampuni ile kwa simu, na hakuna hata mmoja aliyetamka maneno “sijui, ngoja nitafute.” Wa kwanza alisema uko njiani. Wa pili alisema labda umeshushwa Masasi kwa bahati mbaya, utapanda na basi la kesho. Wa tatu akasema mzigo umeshachukuliwa, na nikahisi damu inanishuka miguuni, kumbe alikuwa anasoma mstari wa mtu mwingine. Wa nne alinielekeza nipige namba ambayo ndiyo niliyokuwa nimeipiga. Wa tano alikuwa yule wa kwanza.

Jumamosi baada ya tarawehe nikakaa na simu, nikaanza kuzitazama upya picha za mdogo wangu. Ile ya risiti nilikuwa nimeitazama mara mia. Ile ya boksi juu ya mizani sikuwahi kuijali. Nikaivuta kubwa. Ubavuni mwa boksi, kwa maka peni nyeusi, mwandiko wa haraka, karani ameandika: T/DU.

Basi.

Mnajua tunavyofupisha majina ya miji kwenye magunia. Dodoma ni D/MA, Mwanza ni M/ZA, na hakuna anayepotea, maana ule mkia wa jina ndio unaoeleza. Sasa sisi mkia wetu ndio wa muhimu kuliko kichwa. Tunduru na Tunduma zinafanana herufi tano za mwanzo, zinaachana mbili za mwisho, na karani akaishia pale pale zilipoanza kuachana. Na ukimpa mpakiaji wa Dar boksi lililoandikwa T/DU, kwa nini alipeleke Tunduru? Tunduma ni mpakani na Zambia, malori foleni usiku na mchana, biashara kubwa, mizigo kila basi. Sisi huku tuna korosho, mpunga na vito vya mchangani. Angekuwa mimi, ningelitupa buti la Tunduma bila kufikiri.

Mtu wa mbali anaweza kudhani ni miji jirani. Tunduma iko mkoa wa Songwe, ule uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduru iko Ruvuma. Kutoka mmoja kwenda mwingine kwa barabara unapita Mbeya, Makambako, Njombe, Songea na Namtumbo, kilomita 800 na ushee. Ni kama kutoka kwangu mpaka Dar.

Nyuma ya risiti kuna namba za ofisi zao zote, maandishi madogo ya kumtesa mtu wa miwani. Jumapili haikupokelewa. Jumatatu tarehe 17, saa mbili asubuhi, ikapokelewa, na hapa naomba niende polepole kwa sababu huyu ndiye mwenye nyota.

Sauti ya kijana. “Shikamoo mama.” Sikuwa nimesema hata neno zaidi ya halo, sijui alijuaje kuwa mimi ni mama. Nikamweleza: boksi la sabuni, limefungwa kamba ya kijani, limeandikwa T/DU, la Tunduru hilo na siyo lenu. Nikangoja aniambie liko njiani.

“Usikate, mama. Ngoja nikaangalie.”

Akaweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia anasukuma maboksi. Nikasikia anamwambia mtu, “Hebu nyanyuka.” Vocha yangu inaungua na sikujali, nilikuwa nasikia mtu anafanya kazi. Akarudi anahema.

“Kamba ya kijani, mama. Lipo. Liko hapa tangu Jumatano.” Akanyamaza kidogo. “Nisamehe, mama. Tumekuwa tunalikalia.”

Yaani lupa yangu, wakati mimi nasimama stendi usiku na khanga, ilikuwa kiti. Nilicheka mpaka nikasahau nimefunga na koo limekauka. Akaniuliza jina, akalisoma na lile la kwenye kompyuta, akafuta kile kifupisho na kuliandika upya boksi zima, akalipiga picha na kunitumia kwa simu yake mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza. Tangu Jumatano, hapo ndipo nilipojua boksi langu liko katika nchi hii.

Akanipa na wazo: ampe mzigo mtu wa basi la Songea asubuhi ile ile, mimi niupokee Songea. Siku mbili tu. Akapiga Dar kuomba ruhusa. Dar wakakataa. Mzigo uliokosewa unarudi ulikotoka, ndio utaratibu, kwa sababu ukipandishwa basi la kampuni nyingine ukapotea, nani atalipa? Hilo nalo nililielewa, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu lilikuwa jibu la kwanza lenye sababu ndani yake.

Basi boksi likarudi Dar, likafika Ijumaa tarehe 21. Nikampigia karani, safari hii kwa sauti ya mama mkwe: “Mwanangu, usifupishe. Andika TUNDURU, halafu uandike na RUVUMA, ili asikosee mtu.” Akasema sawa mama. Akaandika. Jumatatu tarehe 24 akanitumia meseji kwamba mzigo umepakiwa, na mimi Jumanne usiku niko stendi, khanga ile ile. Basi likaja. Buti likafunguliwa. Ndoo za rangi.

Mnaona kilichotokea? Mpakiaji aliona RUVUMA, akasema Ruvuma ni Songea, akaupandisha basi la Songea. Na basi la Songea kutoka Dar halipiti huku kwetu kusini, linapita Morogoro, Iringa, Makambako, ndipo likate kushoto kwenda Njombe. Kwa hiyo boksi langu limepita Makambako mara tatu: likienda Tunduma, likirudi Dar, likienda Songea. Mimi nina umri huu na Makambako sijafika hata mara moja.

Nikikusanya zile safari zote napata zaidi ya kilomita 3,000, kwa mzigo ambao njia yake ya moja kwa moja haifiki 900. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori kabla mgongo haujamkataa, alisema hilo boksi lina haki ya kudai posho ya safari.

Songea nako kulikuwa na lake. Walinipigia Jumatano, tena wakataja mji, nashukuru. Wakasema wao hawana basi la Songea na Tunduru, inabidi boksi lipandishwe gari ya mtu mwingine, Sh 5,000, nani analipa? Nikauliza si mmeshapokea 12,000 za kulifikisha Tunduru? Dada wa huko akasema yeye kwake anaona mzigo wa Songea, umefika Songea, umekamilika. Kompyuta imesema UMEFIKA. Chungu cha 25 kile, nguo kumi na nane ziko mezani, sikuwa na nguvu ya kubishana na kompyuta kwa mara ya pili. Nikalipa kwa simu, nikadai risiti.

Alhamisi tarehe 27 Machi, saa nane mchana, boksi likashuka mlangoni kwangu kwa bodaboda. Siku 17. Idd ilikuwa Jumatatu tarehe 31.

Sasa niwe mkweli kwa upande wao. Halikufunguliwa. Kila kitu kilikuwa ndani, nilihesabu: lupa mbili, kisu, sindano, lesi haikupungua hata shubiri. Chini lililowa, masika ndiyo yameanza, na koni tatu za uzi mweupe zimeingia tope, nimeziweka za kushonea mito. Mzigo uliozunguka namna ile, mikononi mwa watu wengi kiasi kile, kutoibiwa hata kifungo, ni sifa kubwa na nisingependa ipite kimya. Wizi kwao haupo. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma neno mpaka mwisho.

Gharama niliziandika nyuma ya daftari. Nguo 58 nilizipeleka kwa fundi mwenzangu karibu na soko anipigie ovaloki, Sh 500 kila moja: 29,000. Naye ana oda zake, kwa hiyo nilikuwa nampelekea saa tano usiku, nikirudi na mfuko kichwani wakati watu wanakwenda kula daku. Bodaboda za kwenda stendi na kwa fundi, 22,000. Vocha kama 9,000. Hizo tano za Songea. Wateja wanne wamechukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine, na mmoja ni mama ambaye nimemshonea watoto wote tangu walipokuwa wa nepi. Huyo alisema tu, “Fundi, mwaka huu umeelemewa,” akaondoka kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Baada ya Idd niliandika barua, ukurasa mmoja, nikabandika picha za risiti zote na ile ya boksi lenye T/DU. Nilijua kuwa basi lenyewe ni mambo ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, lakini anayebeba vifurushi vya watu kwa malipo yuko chini ya TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, na unatakiwa uanze kulalamika kwa mtoa huduma kabla ya kupanda juu. Nikawaandikia hivyo hivyo, kwamba naanza kwao. Siku ya nne akanipigia mtu mzima wa makao makuu. Mstaarabu. Akaomba radhi bila kuzunguka, akanirudishia 5,000 za Songea saa ile ile, akasema kifurushi kingine mpaka kilo 20 watanibebea bure. Kuhusu mengine, akanisomea maandishi ya nyuma ya risiti: kampuni haiwajibiki kwa ucheleweshaji. Nikamwuliza kama wameandika na kukalia mizigo. Akacheka, nami nikacheka, yakaishia hapo. Sikwenda TCRA. Pengine ningekwenda, lakini sare za shule za Julai zilikuwa zimeshaanza kuingia.

Nilimwuliza pia jambo moja ambalo mpaka leo linanikera kuliko hela. Mwaka 2022, kabla ya sensa, walikuja vijana wa anwani za makazi, nyumba yangu ikapata namba na mtaa ukapata kibao, na tukaambiwa kila mahali nchini kuna postikodi ya tarakimu tano. Tarakimu hizo Tunduru na Tunduma hazifanani. Mbona risiti yao haina hata kisanduku cha kuiandika? Akasema ni wazo zuri, atalifikisha. Naye sijui amelifikisha wapi.

Kama unataka kutuma mzigo nao, na pengine huna jinsi maana kwa njia yetu wao ndio wenye basi kila siku, fanya nilivyojifunza. Mtumaji aliandike boksi mwenyewe, pande zote nne na juu, jina la mji zima, na asimwachie karani maka peni. Alipige picha likiwa limeshaandikwa, siyo risiti peke yake. Usiwaambie waandike mkoa, mmeona mkoa ulinifikisha wapi. Ukipata meseji ya “umefika” usipande bodaboda, piga kwanza uulize umefika mji gani, na wakikujibu umefika tu, fungua risiti upande wa nyuma uanze kupiga ofisi moja moja. Kuna wanaosema bora kumkabidhi konda mkononi bila risiti. Mimi naona ni kweli konda hasahau mzigo aliolipwa mkononi, lakini konda akibadilishwa gari huna pa kuanzia, na lupa yangu ina thamani kuliko urafiki wa konda.

Ile ofa ya kilo 20 za bure niliitumia mwezi Juni, kwa ajili ya uzi wa sare. Mdogo wangu aliandika boksi kwa mikono yake, herufi za kidole kizima, TUNDURU upande huu, TUNDURU upande ule, juu akaandika SIYO TUNDUMA na kupigia mstari. Karani alicheka. Kisha akalivuta boksi, akachukua maka peni yake, akatafuta kona iliyobaki wazi, na kwa mwandiko ule ule wa haraka akaandika T/DU.

Mdogo wangu hakuliacha hivyo. Alirudi alfajiri, akakaa pale kwenye gari mpaka akaliona boksi linaingia buti la basi la kusini kwa macho yake. Lilifika usiku ule ule.